Ufa wa bloku nilioushona bila moto

Aliyelipasua trekta langu ni mimi mwenyewe. Lilikuwa limechemka katikati ya kulima, rejeta inafoka mvuke, nami nilitaka kumaliza mistari michache iliyobaki. Nikamimina ndoo ya maji baridi. Nilisikia tak! kama kijiti kikavu kinavunjika, nikajifanya sikusikia.

Asubuhi yake nikakuta mchirizi wa maji ya kutu ubavuni mwa bloku, yaani mwili wa injini, pale ambapo maji huzunguka nje ya silinda. Nikachomoa kijiti cha oili haraka. Oili ilikuwa nyeusi kama kawaida, haina weupe wa maziwa, kwa hiyo maji yalikuwa yanatoka nje tu.

Kosa la pili nalo ni langu. Nilimwita fundi wa kuchomelea, hodari wa mageti na matela, akapitisha rodi ya kawaida juu ya ufa. Kazi ilipendeza macho. Ilipoanza kupoa tukasikia tena ile tak, safari hii mara mbili, na ufa mpya ukajichora pembeni mwa mshono, sambamba nao. Baadaye ndipo nilipoelewa. Bloku ni ya kasti, chuma cha kusubu chenye kaboni nyingi, kama asilimia 2 hadi 4. Rodi ya kawaida ikiyeyuka juu yake hunyonya kaboni hiyo na kuwa ngumu kama kioo, kisha ikipoa hujikunyata. Kasti ya jirani haijui kunyumbuka. Inapovutwa, hupasuka.

Ziko rodi za nikeli ambazo kasti huzikubali. Unachoma kipande kifupi, sentimita 2 au 3, unakigongagonga kwa nyundo kingali moto, unasubiri. Lakini ili usitegemee bahati, ni vizuri chuma chote kipashwe moto kwanza, kisha kipoe polepole ndani ya majivu makavu. Kwa kifaa unachoweza kukifungua na kukibeba, sawa. Kwenye trekta langu injini ndiyo mgongo: ukiitoa umelikata trekta vipande viwili. Nikaamua kushona kwa skrubu, bila moto kabisa.

Nilisaga ule mshono wote, nikasugua mpaka chuma kikang'aa, nikapaka mafuta ya taa na kuyaacha yanywewe. Kisha nikafuta hadi pakakauka, nikapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakaanza kurudi juu na kuulowesha unga, mstari mwembamba ukajichora wenyewe. Ufa niliodhani ni wa sentimita 7 ulikuwa na 11, umepinda mwishoni.

Nikatoboa tundu kwenye kila ncha, milimita chache mbele ya pale chaki ilipoishia, maana ncha ya ufa ni kali kuliko inavyoonekana, na tundu la mviringo huuzuia usiendelee. Baada ya hapo kazi ikawa ile ile: toboa kwa biti ya milimita 5, kata nyuzi za skrubu ya milimita 6, paka gundi ya kuzuia maji, kaza skrubu ya chuma laini, ikate ibaki imechomoza kidogo. Tundu linalofuata linatobolewa likiuma ukingo wa skrubu iliyotangulia, kama theluthi moja, ili kila skrubu iifunge mwenzake isilegee. Piga alama kwa panchi, kijiti cha chuma kigumu chenye ncha, kabla ya kutoboa, la sivyo biti inateleza kufuata ufa.

Kwenye tundu la sita kifaa cha kukatia nyuzi kilinivunjikia ndani. Ni kigumu kama biti yenyewe, hakitoboleki. Nilikaa saa nzima nakivunjavunja kwa panchi na kuchokoa vipande kwa sindano. Kosa lilikuwa pupa: kila nusu mzunguko nilitakiwa kukirudisha nyuma ili unga wa chuma utoke. Oili sikuweka, kasti hukatwa kavu.

Zikaingia skrubu 27, siku mbili za kuinama. Nikazigonga vichwa taratibu kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, zikajaza nafasi, kisha tupa ikasawazisha. Mtu asiyejua anadhani ni mstari wa kutu.

Nilijaza maji, nikawasha, nikaacha injini ipate moto hasa. Skrubu moja karibu na ule mpindo ikatoa jasho. Nikazima, nikasubiri ipoe yenyewe (somo hilo nilikuwa nimeshalilipia), nikaigonga tena mara tatu, ikakauka. Tangu hapo nimelima misimu miwili. Asubuhi za baridi skrubu hiyo hiyo huwa na unyevu kidogo, kisha injini ikishika moto unapotea. Nimeizungushia chaki ili niione kila ninapofungua boneti.