Nilivyofikisha habari za wodi kwa karatasi za chapati

Mtu wa kwanza kunifundisha habari za kuwasiliana na wananchi alivaa tai nyekundu. Tulikuwa makansela wapya, tumeapishwa juzijuzi, tukaketishwa kwenye semina ya siku mbili yenye chai na sambusa. Akasimama mbele akasema kiongozi wa siku hizi asiye na ukurasa wa Facebook ni kama hayupo. Mwaka ulikuwa 2021. Facebook ilifungwa Uganda Januari ile ile, siku mbili kabla ya uchaguzi wa rais, na mtu akitaka kuingia ilibidi azunguke kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Nikainua mkono nikauliza, "Mheshimiwa, mama anayeuza nyanya sokoni ataingia na VPN gani?" Akaniambia nisipende kukatisha tamaa. Nikala sambusa yangu nikanyamaza.

Mimi ni kansela wa wanawake huku Busia, mpakani. Wengine mnasema diwani, huku kwetu ni kansela. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mukene, yaani dagaa, au omena ukivuka upande wa Kenya, samaki ni yule yule na bei tu ndiyo inabadilika. Nilichaguliwa wakati wa korona, zile kampeni tulizoziita za kisayansi, hakuna mikutano ya hadhara, unajinadi kwa bango na kwa redio kama una pesa ya redio. Mimi sikuwa nayo. Watu walinichagua kwa sababu ya mizani yangu, nilikuwa sipunji. Ndiyo maana nilipoingia ofisini wengi walikuwa hawajui kansela ni kazi gani. Kwao chemani wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa LC2 wa parishi, yaani vijiji kadhaa pamoja, sisi wa divisheni ya mji, hata wa LC5 wa wilaya, wote ni "LC", na LC yeyote ukimkuta njiani unamuuliza mtaro utachimbwa lini.

Mtaro huo ndio ulionitoa jasho. Nilikuwa naulizwa habari zake mara kumi kwa siku, na kila mtu nilimjibu peke yake, mpaka sauti ikakauka.

Nikaanza na WhatsApp kama kila mtu. Sitapoteza muda hapo. Wiki ya kwanza watu walikuwa mia na kitu, wiki ya pili kulikuwa na ng'ombe wa kuuza, picha za marehemu, na mtu mmoja aliyetuma sauti ya dakika saba akimtukana baba mkwe wake. Tangazo langu la chanjo lilimezwa katikati ya vitu hivyo. Halafu nusu ya watu wangu wana katochi, simu ya tochi, haina WhatsApp wala haina haja nayo. Wengine wanatumia laini ya Kenya kwa sababu huku mpakani mitandao inaingiliana, leo simu iko Uganda, kesho ukiwa umelala kitandani kwako inakukaribisha Kenya.

Nikahamia kwenye spika. Kama hujakaa Uganda hujui nguvu ya spika: nguzo ndefu, pembe mbili au tatu za bati juu, na chini kijana mwenye kibanda na maikrofoni. Waganda wanaiita kizindaalo. Mbuzi akipotea, mtoto akipotea, mtu akifa, unalipa, kijana anatangaza saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wakiwa bado kitandani. Nikalipa elfu tano. Ilikuwa wakati pesa za PDM zimeanza kufika, ule mpango wa serikali wa maendeleo wa shilingi milioni 100 kwa kila parishi, na watu walikuwa wanasikia nusu nusu. Nikamwandikia kijana maneno yote: wanaotaka wajiunge kwanza na kikundi, pesa zinapitia sako, chama cha akiba na mikopo cha parishi, mtu anapata milioni moja, na si zawadi, ni mkopo, unarudishwa na riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Nikamsomea mara mbili. Akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi nimelala, nasikia mbuzi mweusi mwenye kamba ya bluu amepotea, nasikia mazishi ni saa nane, halafu nasikia: "Na mheshimiwa kansela wetu anatoa milioni moja moja! Milioni moja moja! Fika nyumbani kwake mapema!"

Ndugu yangu, saa moja kasoro kiwanja changu kimejaa. Kina mama na watoto mgongoni. Kijana mmoja kaja na begi la shule, sijui alifikiri milioni moja inachukua nafasi kiasi gani. Mzee wa nyuma ya msikiti alikuwa ameshatoa neno kwa mtu juu ya ndama, na mwenye ndama kaja naye, ameleta na ndama. Nilieleza mpaka saa nne. Nilichemsha chai ya watu arobaini hivi, sukari kilo mbili zikaisha, na bado waliondoka wakisema nimewakalia pesa zao. Mwenye ndama ndiye aliyekasirika zaidi, akasema amepoteza siku nzima, na ndama alikuwa amekula mchicha wangu.

Kitu kingine juu ya spika ambacho sikukitegemea. Kijana alikuwa anatangaza kwa Kiswahili, maana hapa kuna Wasamia, Wateso, Waganda, Wajapadhola, na Kiswahili ndicho kinatukutanisha sokoni. Bibi mmoja jirani yangu akaja jioni, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, Kiswahili cha kwenye spika alfajiri usikirudie. Mimi nilikuwa Kampala wakati wa panda gari." Wasiojua: miaka ya themanini mwanzoni, askari walizunguka mtaa alfajiri, kila mtu nje, panda gari, na baadhi hawakurudi. Wakiamrisha kwa Kiswahili. Mimi Kiswahili nimekipenda tangu mtoto, na serikali ilikipitisha 2022 kiwe lugha rasmi ya pili kitumike kweli, lakini siku ile nilielewa kwa nini kuna wazee wanaokunja uso wakikisikia. Spika nikaacha. Saa za alfajiri hasa.

Basi nikaenda kwenye karatasi. Hapo lazima niseme kwamba semina ile ilikuwa na kitu kimoja cha maana, na hakikusemwa na yule wa tai. Mama mmoja mkufunzi alituambia kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi za Uganda zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya pesa za matumizi zilizotengwa kwa ajili yao, zingine zikapotelea njiani. Serikali ikaanza kuchapisha hesabu hizo kwenye magazeti na kuzibandika shuleni mzazi azione, na miaka michache baadaye zilizofika zikavuka asilimia 80. Nikaandika hiyo kwenye daftari na kuizungushia duara. Karatasi yenye tarakimu, mahali mtu anapopita. Hata mimi naweza.

Nikachapisha TANGAZO LA WODI kwa herufi kubwa, siku ya gari la taka, siku ya chanjo, mtaro umefikia wapi. Nikabandika kwenye nguzo za umeme, mlango wa choo cha soko, ukuta wa kinu cha unga. Kufikia saa sita mchana hakuna hata moja. Nikabandika tena. Zikaondoka. Wiki tatu nzima nikiamini ni mahasimu wangu, nikawa nawataja kwa majina nyumbani, mume wangu akachoka. Mwishowe nikaamua kulinda. Nikajifunga leso, nikashika tochi, nikakaa kwenye benchi karibu na stendi ya boda usiku mpaka saa tano, kansela mzima, navizia mwizi wa karatasi.

Njaa ikanishika. Nikaagiza rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, mayai mawili, kabeji nyingi. Kijana wa chapati akanikabidhi, nikafungua, na mkononi mwangu, imelowa mafuta, nasoma: TANGAZO LA WO.

"Hii umetoa wapi?"

"Mama kansela, samahani," akasema, wala hakuonekana mwenye kosa. "Karatasi yako ni nzito. Gazeti linapitisha mafuta mpaka kwenye nguo ya mtu. Yako haipitishi."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kugomba. Lakini pembeni yangu kulikuwa na dereva wa boda, anatafuna huku ameinamisha kichwa juu ya karatasi yake, anaigeuza apate mwanga wa taa. Akaniangalia. "Kumbe gari la taka ni Jumanne? Mke wangu anatoa taka Alhamisi!"

Nikamalizia rolex yangu polepole, nikiwaza.

Tulikubaliana usiku ule ule. Mimi naleta karatasi kila Jumamosi, yeye ananunua magazeti kidogo. Ukurasa mmoja naukata vipande vinne, kila kipande tangazo moja tu. Fotokopi inanigharimu elfu ishirini kwa wiki, wakati mwingine thelathini mwenye mashine akiwa na hasira. Inatoka kwenye posho yangu ya kikao, ndiyo maana kuna wiki karatasi inaishinda posho ya nyumbani, ile ambayo kwetu ni ugali. Mwanzoni mtu wa afya alinijia juu, wino unagusa chakula, na alikuwa sahihi, sikuwa nimefikiria. Sasa chapati inaingia kwanza kwenye kavera, mfuko wa plastiki, karatasi inakuwa nje. Vijana wa chapati wamekuwa sita. Mmoja nilimwacha kwa sababu alikuwa anafunga maneno kwa ndani, watu hawayaoni mpaka wamalize kula.

Asiyejua kusoma je? Mtoto wake anajua. Chapati ya asubuhi inaliwa na mtoto wa shule, na bibi anasomewa bure.

Kosa langu kubwa lakini si la spika wala la karatasi kuibwa, ni la saa. Nilimwomba injinia wa divisheni aje azungumze na watu juu ya mtaro. Nikaandika: "Baraza, Jumatano, 9:00." Nikajiona nimeandika kisomi. Injinia akafika saa tatu asubuhi, akawakuta vijana ishirini na mimi. Wakamuuliza, akajibu, akaenda zake. Saa tisa alasiri kina mama wakaja kutoka sokoni, wamebeba mikeka, wengine wametembea kutoka upande wa mbali kabisa, wakakaa wakanitazama. Wao walisoma tisa ikawa saa tisa, wangesoma nini kingine? Nikasimama peke yangu chini ya mwembe nikieleza kipenyo cha mtaro, kitu nisichokijua. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Amemficha injinia." Tangu siku hiyo siandiki saa kwa tarakimu. Naandika "saa tatu asubuhi" kwa maneno, na chini yake, "watu wakiwa wamemaliza chai".

Pale bombani nimeacha daftari kwa mama anayeuza maji. Mtu akija na jerikani anamwambia swali, anaandika. Jumapili nalichukua. Kisha kwenye kipande cha karatasi naanza na swali la mtu, si maneno yangu. Mwaka 2025 vitambulisho vilipokuwa vinaandikishwa upya nchi nzima, daftari lilijaa swali moja, ni pesa ngapi, maana kuna watu walikuwa wanakusanya elfu kumi kumi za "kujaza fomu". Nikaandika: SHILINGI NGAPI? HAKUNA. NI BURE. Vipande mia mbili viliisha siku moja na nusu, na wale wakusanyaji wakahama kona.

Swali la pesa za mtaro lilinisumbua zaidi, kwa sababu tarakimu sikuwa nazo. Mahali fulani, sipataji, niliambiwa njoo kesho mpaka kesho zikawa mwezi. Ndipo nikaandika barua, nikataja sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2005 na zile siku 21 za kujibu, nikaipeleka kwa mkono na nakala yangu ikagongwa muhuri. Kumbe karatasi ilikuwepo. Nilipewa siku ya nne. Lakini kabla sijaipata, kwa wiki zote zile, niliandika kwenye kipande: "Mtaro umetengewa shilingi ngapi? Sijui bado. Nimeuliza." Yule wa tai angeanguka, alitufundisha kiongozi hasemi hajui. Hicho ndicho kipande watu walichonirudishia mitaani zaidi ya vyote. "Kansela, bado hujui?" "Bado." "Haya, uliza tena."

Wiki iliyopita nimepita kwa kijana wangu wa kwanza, yule wa stendi, nikanunua chapati mbili. Akanifungia kwenye karatasi iliyokwisha kutumika, mteja aliisoma akaiacha mezani. Ni tangazo langu la gari la taka. Juu ya neno "Jumanne" mtu amepiga mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika kwa mwandiko mzuri wa kishule: "Uongo. Halikuja wiki mbili. Tunaoza huku nyuma ya kinu."

"Nani ameandika hii?"

"Sijui, mama kansela. Lakini ziko nyingine tatu kwenye boksi. Nilikuwekea."

Nimezikunja zote nne, na mafuta yake, nimeziweka kwenye faili la kikao cha Alhamisi.