Jani la mahindi kabla halijafika kwenye mashine

Watu wakisikia kupima madini ya mmea wanawaza mashine tu, ila kazi huwa inaharibikia huku nyuma. Chukua mahindi, ndevu zikishaanza kutoka unachuma lile jani la penye muhindi, sio jani lolote, unatia kwenye mfuko wa karatasi maana kwenye plastiki linatoa jasho na kuoza. Halafu vumbi! Huu udongo wetu mwekundu umejaa chuma, vumbi lake likibaki hata kidogo juu ya jani majibu ya chuma yanapanda bure, so suuza kwa maji safi ya maabara yasiyo na madini, ila fasta, usiloweke, potasiamu, moja ya madini unayopima, inatoka na maji. Oveni nyuzi 65 hivi, siku mbili, mpaka jani ukilifinya linavunjika kwa mlio.

Kusaga ndo penye mtego kwa kweli, kinu cha stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, kinaweza kukuongezea madini ya chuma na kromiamu, kama unatafuta hizo tafuta kinu kingine. Unga uwe laini, upite chekeche la milimita 1 au chini ya hapo, ndo unapima kama nusu gramu hivi na kuchemsha kwa tindikali ya naitriki, ndani ya kabati la kuvuta moshi tafadhali.