Maji Yanayopita Katika Mirija ya Kiti cha Meno

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi katika kliniki yetu ndogo ya Ngamiani, hapa Tanga, mimi huyaacha maji yatiririke katika mirija ya kiti cha meno, ile inayopeleka maji kwenye drili, na baada ya kila mgonjwa hufanya hivyo tena kwa sekunde 20 hadi 30, ili kutoa mate na damu ambavyo huenda vilifyonzwa drili iliposimama. Mirija hiyo ni myembamba na maji hulala humo usiku kucha, hivyo bakteria hujenga utando wa utelezi kwenye kuta zake za ndani. Hata maji safi ya bomba yakiingia humo hutoka yamechafuka. Mwaka 2011, nchini Italia, bibi wa miaka 82 alifariki kwa maambukizi ya Legionella, bakteria wa majini wanaoshambulia mapafu, yaliyotokana na maji ya kliniki ya meno. Habari hiyo hunisumbua hadi leo.

Kutiririsha maji peke yake hakuung'oi utando, ndiyo maana tunatia dawa ndani ya mirija kwa ratiba ya mtengenezaji wa kiti. Drili nazo hutakaswa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 134, kwani kuzifuta kwa spiriti tu, jambo ambalo nimeliona likifanywa kwingine, ni kumhatarisha mgonjwa anayefuata.