Wingu Linalotoka Kwetu

Mwezi wa saba Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nguo hazikauki. Unafua asubuhi, unaanika, jioni unaanua zikiwa mbichi vilevile, kesho unarudia. Mama mwenye nyumba niliyopanga alikuwa amefunga kamba jikoni, juu ya mafiga, na sare za wajukuu wake zilikaukia hapo. Nyumba nyingi zilifanya hivyohivyo, ndiyo maana darasa langu zima lilinukia moshi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye jua na chumvi. Nilipopangiwa kufundisha huko mwaka 2012 sikuwa na hata sweta.

Unaliacha jua pale Himo, gari linakata kushoto na kuanza kupanda, na kabla hujafika Marangu Mtoni abiria wameshafunga madirisha. Wiki zangu za mwanzo mlima sikuuona kabisa. Wanafunzi walininyooshea kidole kwenye weupe mtupu juu ya migomba, "Kibo iko pale, mwalimu," nami nikaitikia kwa heshima tu. Usiku nililala na soksi. Mama yangu alipopiga simu akasikia nakohoa, hakuzunguka: "Mwanangu, omba uhamisho urudi kwenu. Kifua hicho." Barua nilishaanza kuiandika.

Katikati ya hali hiyo walimu wenzangu wakanishawishi tupande hadi Mandara, kwenye vibanda vya kwanza vya wapanda mlima, na kurudi siku hiyohiyo. Sikuwa na hamu, lakini Jumamosi ya kukaa ndani ukiangalia ukungu ni ndefu. Pale kwenye geti la hifadhi, mahali palipo juu ya mita 1,800, tulilipa kiingilio cha raia, ambacho ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje, tukapewa kijana mwenyeji wa kutuongoza. Sote tulimwita Mangi. Njiani alitusimulia habari za Yohani Kinyala Lauwo, mtu wa Marangu ambaye wenyeji wanamtaja kwa fahari kuwa alimwongoza Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889.

Kutoka getini hadi Mandara ni kama kilomita 8, zote ndani ya msitu. Sijawahi kuona mahali penye maji namna ile pasipo mvua. Mvua haikuwa inanyesha, nasema kweli, lakini matone yalidondoka kutoka kila tawi. Miti mikubwa imeota ndevu za kijani zinazoning'inia. Nilishika fumba moja la ndevu hizo nikalikamua, maji ya baridi yakachuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko, yakaingia ndani ya mkono wa koti. Chini kulikuwa na vijiua vyekundu vyenye mkia uliopinda, na mbega walikuwa wanaruka juu yetu bila kutujali. Kila baada ya mwendo mfupi tulivuka kijito, na kila kijito kilikuwa na maji.

Mandara penyewe, mita 2,700 hivi, palikuwa na ukungu. Tulikula mayai na ndizi tulizobeba, wenzangu wakataka kugeuza. Mangi akasema tusirudi bila kufika Maundi, ile kreta ya zamani iliyo mwendo mfupi tu kutoka kwenye vibanda. Tukaenda. Msitu ukaanza kupungua, miti ikawa mifupi, na ghafla nikahisi joto shingoni. Lilikuwa jua.

Tulipotokeza ukingoni mwa kreta wingu lote lilikuwa chini yetu. Upande mmoja kilele cha Mawenzi kimesimama na meno yake, upande wa pili kile cha Kibo na barafu yake, ile tunayoambiwa imebaki sehemu ndogo tu ya ile aliyoikuta Meyer. Nilivua koti. Nikalia kidogo, sioni haya kulisema.

Mangi alinyoosha mkono kuelekea kusini mashariki. "Linatoka kwenu hilo wingu, mwalimu."

Nilidhani ananitania. Akanieleza, na alikuwa anajua anachosema. Miezi ile unavuma upepo wa kusi. Kwetu Tanga kusi nilikuwa naijua vizuri: ndiyo inayochafua bahari, ndiyo inayowaweka wajomba zangu barazani wakishona nyavu badala ya kwenda kuvua. Sikuwahi kujiuliza inakwenda wapi ikishatupita. Kumbe inabeba unyevu wa Bahari ya Hindi inakuja nao hadi huku, inagonga mlima, haina pa kupita ila kupanda, na ikipanda inapoa, unyevu unageuka ukungu. Msitu unaukamata ukungu ule kwa yale majani na ndevu nilizokamua. Ndiyo maana mteremko wa kusini ni wa kijani namna ile. Huko msituni mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, wakati Moshi mjini haifiki nusu ya hiyo. Vile vijito tulivyovuka ndivyo vinavyolisha mifongo, mifereji ambayo Wachagga waliichimba kabla Mjerumani hajafika, na mfongo mmoja ulipita nyuma ya chumba changu usiku na mchana. Maji niliyooga asubuhi ile yametoka huko. Mgomba, kahawa, maziwa ya chai, vyote vinaanzia kwenye ukungu uliokuwa unanikera.

Tulishuka tukarudi ndani ya wingu. Baridi ilikuwa ileile. Barua ya uhamisho sikuimalizia.

Jioni nilimkuta mama mwenye nyumba anakoroga mtori, nikaanza kumsimulia kwa pupa. Alisikiliza, kisha akasema hajawahi kufika Mandara. Kwenye Nusu Maili, ule ukanda wa chini wa msitu waliokuwa wameachiwa wanavijiji, alikuwa akienda tangu usichana kutafuta kuni na majani ya ng'ombe. Halafu mwaka 2005 msitu ukaingizwa kwenye hifadhi, njia zile zikafungwa. "Kupita getini nikafanye nini, mwalimu? Kule ni kwa wageni." Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Mtu amezaliwa mlimani, amezeeka mlimani, na anaamini kuutembelea ni haki ya watu wanaokuja kwa ndege.

Shule zilipofunga mwezi wa tisa nilimbembeleza hadi akakubali. Alipanda na kanga juu ya sweta, raba za mjukuu miguuni, taratibu, akisimama kila mahali. Alijua miti yote kwa Kichagga: huu hauwaki vizuri, huu moshi wake unatibu mafua, haya majani ng'ombe hayaachi. Mangi, ambaye kazi yake ni kuongoza watu, alikuwa akiuliza maswali yeye. Kwenye kibanda Mandara mama alikaa kwenye ngazi, akaangalia wageni wakipita na mabegi yao, akaniuliza kwa nini hajaona mtoto hata mmoja wa Marangu.

"Sasa mwalimu, jiografia unawafundishia wapi?"

Mwaka uliofuata tulipanda na darasa la sita. Niliomba ruhusa ofisini kwa barua, na mama alitembea mbele.