Siroma baada ya kuondoa titi: ninavyoipunguza mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji

Siroma ni maji ya manjano yanayojikusanya chini ya ngozi pale titi lilipokuwa. Yakijaa, kidonda huchelewa kupona, na dawa za saratani au mionzi navyo husogezwa mbele. Kwa kawaida lawama huenda wodini: muuguzi hakupima chupa ya maji yanayotoka kidondani, mgonjwa kanyanyua ndoo. Mimi naamini sehemu kubwa ya siroma huamuliwa kabla ngozi haijafungwa.

Naanza na moto. Daiathemi, yaani kisu cha umeme kinachokata kwa joto, hutenganisha ngozi na titi haraka, damu ikiwa kidogo, ila mafuta yaliyoungua huendelea kutoa maji siku nyingi. Zamani mashine nilikuwa naiacha wati 50; siku hizi naanza na 30, na ncha inagusa na kuondoka. Moshi ukiwa mwingi na mafuta yakageuka kahawia, umeshapitiliza. Ngozi naiacha na mafuta ya milimita 5 hadi 8, kwa kufuata utando mwembamba unaoyatenga na titi. Ikiwa nyembamba zaidi, kingo huwa nyeusi na kufa. Ikiwa nene, umeacha nyama ya titi ndani. Msaidizi anyanyue kwa kulabu za ngozi, maana forsepsi (koleo la kubania) huponda kingo zilezile unazotaka zipone.

Kwapani daiathemi naiweka kando, nashika mkasi na uzi. Limfu, yale maji ya mwilini yanayopita kwenye njia zake yenyewe, haina chembe sahani zinazogandisha damu, kwa hiyo njia zake hazijizibi kama mshipa wa damu. Kila kamba inayoingia kwenye mafuta ya kwapa chini ya vena kubwa (mshipa unaorudisha damu moyoni) naifunga kwa uzi 3-0 (namba ya unene wa uzi) kabla ya kuikata. Neva, yaani mishipa ya fahamu, nazo zinaepuka joto. Ile ndefu inayoshuka juu ya msuli wa seratasi, ubavuni, ikiumia mfupa wa bega huchomoza mgongoni kama bawa.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kushonea ngozi kwenye msuli wa kifua, kama fundi anavyotunga godoro la sufi. Natumia uzi unaoyeyuka, 2-0 au 3-0. Sindano inashika mafuta ya chini ya ngozi, kisha utando wa juu wa msuli. Nafasi kati ya mshono na mshono ni sentimita 3, mstari kwa mstari kuanzia juu kushuka kwenye mkato, halafu upande wa chini vivyo hivyo. Inaongeza kama dakika 20, na wa nusu kaputi atalalamika. Ukishika ngozi yenyewe badala ya mafuta, vishimo vitabaki vinaonekana. Ubavuni usishone kwenye seratasi, kwa sababu ya neva ile ile. Ishia ukingo wa msuli wa kifua.

Dreni, mirija ya kutoa maji kidondani, naweka mbili za kufyonza, namba 14: moja kwapani, ncha isiguse vena, nyingine chini ya ngozi ya kifuani. Kila moja inatokea kwenye tundu lake dogo chini ya kidonda, na inafungwa kwa hariri 2-0. Kabla ya bandeji, fungua klipu na utazame kikunjo cha mpira juu ya chupa. Kikiinuka hapo hapo, hewa inaingia: aidha tundu la mwisho la mrija limebaki nje ya ngozi, au mshono una mwanya. Mrija uliounganishwa na mfuko wa mkojo hutoa maji kwa mteremko tu, hauivuti ngozi ilale juu ya msuli. Ukilazimika kuutumia, ule mshono wa godoro usiuache.

Wodini chupa ipimwe kila baada ya saa 24, saa ile ile. Natoa dreni ikishuka chini ya mililita 30 kwa siku mbili mfululizo. Ikiporomoka ghafla kutoka 150 hadi 5 huku ngozi imevimba, usifurahi: bonge la damu limeziba, kamua mrija kuelekea kwenye chupa. Ikijaa damu mbichi ndani ya saa chache baada ya upasuaji, rudisha mgonjwa thieta. Vidole na kiwiko vifanye mazoezi tangu siku ya kwanza. Mkono usipande juu ya usawa wa bega mpaka dreni itoke.

Maji yakirudi baadaye, machache na yaliyolegea nayaacha, mwili huyanywa wenyewe. Yakikaza ngozi, nasafisha kwa dawa na kuingiza sindano geji 18 yenye bomba la mililita 50 sehemu ya chini, ikilala sambamba na mbavu, isielekee mapafuni. Ngozi ya hapo mara nyingi imekufa ganzi, hivyo mgonjwa haumii sana. Maji yakitoka na ukungu au harufu, kiasi kidogo kinakwenda maabara kuoteshwa vijidudu kabla sijaandika antibayotiki.