Pipa, moshi na mkono wa mbuzi: nilivyojifunza kubanika nyama uani

Kuku wa kwanza niliyemchoma mbele ya wageni alikuwa mweusi nje na mbichi ndani. Shemeji yangu alikata paja, akaona damu kwenye kiungo, akalirudisha kwenye sinia polepole bila kusema kitu, akaomba gonja, ndizi za kuchoma. Tulikula gonja jioni nzima.

Nilikuwa nimejiona mjuzi. Kila ninaposafiri kutoka Jinja kwenda Kampala, basi likisimama Namawojjolo, kabla dirisha halijafunguka vizuri tayari kuna kuku kwenye kijiti amesogezwa puani. Nimekula kuku wa pale tangu utotoni, nikadhani kumla sana ni sawa na kujua kumchoma. Nilichokuwa sikitazami ni kwamba vipande vyao vimepasuliwa vikalala bapa, moto ukivifikia unavifikia kote. Mimi nilichukua mapaja manene, nikayaweka juu ya sigiri (jiko la makaa) inayotoa ndimi za moto, mafuta yakadondoka, moto ukaruka, na mimi nikawa napepea kama mhunzi.

Na kuna jambo jingine naona haya kulisema: makaa nilikuwa nayawasha kwa kaveera. Wengi tunafanya hivyo hapa Walukuba, mtaani kwetu Jinja, unawasha mfuko wa plastiki, unaudondoshea makaa, mambo yanaenda. Chai haijali sana. Nyama inajali, inabeba ile harufu, tena moshi wenyewe si wa kuvuta. Siku hizi naanzia na magunzi ya mahindi yaliyokauka na vijiti vyembamba, na siweki kitu juu mpaka makaa yote yavae jivu jeupe.

Pipa lilikuja baadaye. Nilipata la lita 200 lililokuwa la mafuta ya kupikia (la kemikali usiliguse, hata ukipewa bure), nikampelekea fundi wa kuchomelea. Alilipasua kwa urefu, akaweka bawaba na miguu minne, akatoboa matundu ya hewa chini upande mmoja na bomba fupi la moshi juu upande wa pili. Nilipomletea wavu wa mabati niliopata kwa bei nafuu, alikataa. "Bosi, hii ina zinki. Ikishika moto inatoa moshi wa sumu, hata sisi tunaogopa kuichomelea." Akaniundia wavu wa nondo tupu za milimita 8. Mzito mpaka unahitaji mikono miwili, lakini unakaa na joto vizuri. Kabla ya kupikia chochote nililijaza pipa kuni, nikaliunguza ndani mpaka mafuta ya zamani yakaisha kabisa. Nguo za jirani zilizokuwa kwenye kamba siku hiyo zilibidi zifuliwe upya, na sabuni nilinunua mimi.

Siri ya pipa ni moto kukaa pembeni. Makaa yote unayasukuma upande wenye matundu, nyama unailaza upande wa bomba, unafunika. Hewa inaingia chini, inapita kwenye moto, inabeba joto na moshi juu ya nyama, inatoka. Hakuna mafuta yanayodondokea makaa, kwa hiyo hakuna ndimi. Mapaja ya kuku yanaiva taratibu, na mwishoni unayasogeza juu ya makaa dakika chache ngozi ikauke na kushika rangi. Nilinunua kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama, kile chenye mshale. Kuku akifika nyuzi 74 karibu na mfupa, ameiva, mjadala umekwisha. Shemeji alirudi akala matatu.

Hapo nikapata kiburi. Nikataka moshi wenyewe, nyama ya kubanikwa saa nyingi mpaka ichambuke kwa vidole. Nikachukua mkono wa mbuzi, kilo mbili na nusu, nikautupa kwenye pipa pamoja na magogo ya mwembe yaliyokatwa wiki ile ile. Moshi ukatoka mweupe, mzito kama pamba. Nikafurahi, nikaziba matundu karibu yote ili usipotee.

Shangazi yangu anabanika samaki Masese kwa miaka mingi, sangara na ngege, kwenye tanuri la udongo. Alipita nyumbani akakuta macho yananitoka machozi.

"We mtoto, unapika au unafukuza nyuki?"

Nikamwambia nabanika.

"Huo moshi unakukaba wewe, itakuwaje nyama? Fungua hayo matundu."

Alikuwa sahihi, ila kwangu ilikuwa imechelewa. Ile nyama ilikuwa chungu, ukiilamba ulimi unakufa ganzi kidogo, kama umelamba masizi. Moto ukikosa hewa na kuni zikiwa na maji, kuni haziungui, zinavukiza tu, na ule uchafu unaganda juu ya nyama. Moshi unaoutaka karibu huuoni: mwembamba, wa buluu, ukisimama mbele ya ukuta mweupe ndipo unautambua. Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa unene wa kifundo cha mkono, kimoja kimoja juu ya makaa yaliyokolea. Shangazi anapenda mpera. Mimi mwembe na mfenesi vimenifaa. Mkaratusi usijaribu, nyama inanuka dawa ya kikohozi. Msonobari una utomvu, na mbao zenye rangi ni sumu.

Tangu siku ile siangalii nyama, naangalia bomba. Moshi ukiwa mweupe, nafungua matundu kidogo na kusubiri. Ukiwa wa buluu, nakaa na chai yangu. Kufunua funua pipa kuchungulia ndiko kunakochelewesha chakula, kila ukifunua joto lote linaondoka, na mimi nilikuwa nafunua kila dakika kumi.

Mbuzi naye ana mambo yake. Nyama yetu inachinjwa alfajiri, saa nne ipo jikoni, bado imekakamaa. Zamani nilikuwa nasingizia mbuzi alikuwa mzee. Sasa nanunua siku moja kabla, naipaka chumvi, gramu 15 kwa kila kilo, pamoja na kitunguu saumu na tangawizi, naiacha kwenye friji usiku kucha bila kuifunika. Chumvi inaingia ndani, juu panakauka. Ndimu naweka mwishoni tu. Na papai bichi, ambalo kila mtu anakuambia linalainisha: ni kweli linalainisha, niliwahi kuliacha usiku kucha, asubuhi upande wa juu ulikuwa uji. Nusu saa inatosha, au uliache kabisa.

Lililonisumbua kuliko yote lilikuja mara ya tatu. Pipa lilikuwa na nyuzi kama 120, moshi mzuri, mkono wa mbuzi ukapanda vizuri mpaka 68, ukagoma. Saa nzima mshale haujasogea. Saa ya pili, 69. Nikadhani kipimajoto kimekufa. Nikaongeza makaa kwa hasira, pipa likapanda, nyama ikakauka nje kama ngozi ya ngoma. Nilikuja kuelewa baadaye: nyama inatoka jasho, na jasho likikauka linaipoza, kama mtu aliyetoka kuoga akasimama kwenye upepo. Haijaharibika. Inabidi uisubiri, au uzuie lile jasho lisiondoke.

Dawa yake tulikuwa nayo nyumbani siku zote. Luwombo, kile chakula cha Kiganda cha kupikwa kwa mvuke, hufungwa kwenye majani ya mgomba, basi nikababua majani mawili juu ya makaa mpaka yakalegea na kung'aa, nikaitoa nyama ikiwa na saa tatu za moshi na rangi ya kahawia iliyokolea, nikaifunga mara mbili, nikaifunga na kamba ya mgomba, nikairudisha. Mshale ukaanza kutembea: 75, 80, 88. Kwenye 93 kipimajoto kiliingia kama kwenye parachichi. Nikaiacha ipumzike ndani ya majani yake nusu saa, jambo gumu kweli watoto wakiwa wamekuzunguka na sahani.

Siku ya Idi nilifungua yale majani mezani. Mfupa wa bega niliuvuta kwa vidole viwili ukatoka mweupe, mtupu. Chini ya ile rangi ya kahawia kulikuwa na mstari wa waridi, na mjomba akauliza kama haijaiva. Hiyo ni kazi ya moshi kwenye nyama, si ubichi, nikamwonyesha mshale akaridhika. Shangazi hakusifu. Alikula, akaenda uani, akafungua kifuniko cha pipa, akachungulia wavu, akapima kwa shubiri.

"Hapa wanaingia ngege arobaini," alisema.

Jumamosi hii pipa si langu. Anakuja nao saa kumi na mbili asubuhi, na mpera wake.