Hajafa, Hajaitwa

Jumamosi nilikuwa namfungia mwanangu skrini ya zamani mezani kwake, zile ambazo kebo yake ina skrubu mbili za kukaza kwa vidole. Nikakaza ya kulia, nikakaza ya kushoto, nikarudi ya kulia. Akaniuliza, "Baba, si umeshaikaza hiyo?" Nikamtuma kitambaa cha kufutia vumbi.

Ni mambo ya 2006. Mnaukumbuka mgawo wa umeme wa mwaka ule: mvua zimegoma, maji ya Mtera yameshuka, Dar es Salaam nzima inanguruma majenereta. Usiku mmoja kwenye benki tuliyokuwa tunaihudumia jenereta lilikataa kuwaka, betri za akiba zikavumilia hadi zikaisha, na AS/400 yao, kompyuta kubwa ya IBM, ikazimika yote. Umeme uliporudi, mashine mama iliwaka, mnara wa kwanza wa diski ukawaka. Wa pili na wa tatu, kimya. Kwenye kidirisha cha mbele ikatokea kodi, yaani namba ya hitilafu, inayoanza na 1, na aliyezoea mashine zile akiona 1 anajua ni mambo ya umeme.

Nami nikaufuata umeme. Nikabadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha kuingiza umeme, ya mnara wa pili, hakuna kitu. Nikatoa ya mnara wa kwanza, inayofanya kazi mbele ya macho yangu, nikaijaribu kwa wa pili; hakuna kitu. Ilipofika saa nane usiku nilikuwa nimefungua karibu kila kinachofunguka, na meneja wa zamu amesimama nyuma yangu ananiuliza kila baada ya dakika kumi kama matawi yatafungua asubuhi. Bila diski zote mfumo haupandi. Nilimpigia Mzee, fundi wetu mkongwe.

Alikuja na kandambili na tochi yake ndogo. Hakugusa kitu. Aliketi chini kabisa, mgongo ukutani, akautazama mnara wa pili kama mtu anayemtazama mgonjwa akipumua. Akanivuta mkono. "Kaa hapa. Unaona nini?" Nikasema naona mnara umekufa. "Tazama taa." Ile taa ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa, taratibu sana: inawaka, inazimika, unahesabu, inawaka tena. Nilikuwa nimeipita usiku mzima. Umeme wa ukutani ulikuwa umefika na mnara ulikuwa umeupokea. Ulikuwa unasubiri.

"Huyu hajafa," Mzee akasema. "Hajaitwa."

Minara ile haiwashwi kila mmoja kwa swichi yake. Kuna mtandao wa pembeni wa kudhibiti umeme, sisi tunauita SPCN: kebo nyembamba kutoka mashine mama hadi mnara wa kwanza, wa kwanza hadi wa pili, hivyo hivyo hadi wa mwisho, kisha kebo ya mwisho inarudi kwa mama ili duara lifunge. Haiendeshi feni wala diski. Inabeba maneno tu: washa, zima, hali yako ikoje. Duara likifunga, hata kebo moja ikikatika neno linazungukia upande wa pili. Letu halikuwa limefunga. Wiki tatu kabla tulikuwa tumehamisha mashine chumba, kebo ya kurudi ikawa fupi, na mimi ndiye niliyesema italetwa wiki ijayo.

Mzee akachukua kebo nyingine kwenye begi lake, akaruka mnara wa pili, akaunganisha wa kwanza moja kwa moja na wa tatu. Wa tatu ukavuta pumzi, feni zote kwa pamoja. Akairudisha kebo hiyohiyo kwa wa pili, nao ukaamka. Basi zile pawa saplai zote nilizozihangaikia zilikuwa nzima. Akaiinua ile kebo ya zamani iliyotoka mnara wa kwanza kwenda wa pili, akaielekeza kichwa chake kwenye mwanga wa tochi, akanipa nitazame mwenyewe. Pini moja ilikuwa imelala, imepinda kama jino la mtoto linalotaka kutoka, kiasi cha kugusa leo na kesho isiguse. Kati ya skrubu mbili za kichwa kile, moja haikuwa imekazwa.

Kebo ile niliichomeka mimi siku ya kuhama. Huwa nakaza zote mbili. Siku ile tulikuwa tunakimbizana na muda.

Kabla sijafungua mdomo, meneja wa zamu akasema ni yule mama wa usafi, anapiga deki hadi nyuma ya mashine, lazima amevuta kebo kwa mti wa dekio. Inawezekana. Kebo iliyokazwa upande mmoja haihitaji kuvutwa sana. Mzee alinitazama, akangoja. Mimi nikainama nikaanza kukusanya bisibisi zangu. Kwenye ripoti tukaandika kwamba kebo ya SPCN ilikuwa na pini iliyopinda, imebadilishwa, na jina la mtu hatukuandika. Matawi yalifungua kwa wakati. Kebo ya kurudi, ndefu, niliifunga siku ileile.

Mama wa usafi alikatazwa kuingia chumba cha seva. Hakufukuzwa kazi, nilihakikisha kuuliza, kana kwamba kuuliza ndiko kungenitoa. Miaka yote hii nimejibu maswali ya vijana wengi kuhusu kodi zile, na kila mara huwaambia waanze na taa na kebo kabla ya kununua kipuri. La mama yule sijawahi kuwaambia.

Jumatatu yake nilimkuta mlangoni pale, na ndoo yake, upande wa nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine imepona?"

Nikamwambia imepona.

"Alhamdulillahi," akasema, akasogeza ndoo ili nipite.